Je, wajua kwa nini barabara za Madurai zina majina ya miezi?

Madurai ni mji wa kusini mwa India, jimbo la Tamil Nadu, na pale katikati kuna hekalu la Kihindu la mungu mke Meenakshi. Barabara zimelizunguka pande zote nne, moja nje ya nyingine. Ya ndani kabisa inaitwa Aadi, hiyo iko ndani ya ukuta wa hekalu, halafu Chithirai, Avani Moola, Masi. Hayo yote yametokana na majina ya miezi ya Kitamil.

Sababu ni sikukuu. Mwezi fulani ukifika, sanamu za Meenakshi na mumewe Shiva zinatolewa nje kuzungushwa kwenye barabara ya mwezi huo, yani mji ulipangwa kufuata njia za msafara.

Sasa hapa ndo patamu. Harusi yao inasherehekewa mwezi wa Chithirai, Aprili kwenda Mei, lakini gari la mbao linalobeba sanamu zao linapita barabara ya Masi! Inasimuliwa kwamba mfalme Thirumalai Nayak, aliyetawala 1623 hadi 1659, aliihamisha harusi toka mwezi wa Masi ili ikutane na sikukuu ya Alagar, kaka wa bibi harusi, anayeletwa toka vilimani na watu wa vijijini mpaka mto Vaigai na kukuta harusi imeshapita, basi mjini na vijijini wakawa na sherehe moja. Mwezi ulihama, njia ikabaki ileile. Na gari lenyewe ni refu kama ghorofa, halina usukani, linavutwa kwa kamba na umati wa watu huku wengine wanasukumiza magogo chini ya magurudumu ili likate kona.

Ila kinachonigusa zaidi ni mlango wa hekalu. Wadalit, watu wa tabaka la chini kabisa, walikuwa hawaruhusiwi kuingia, na Gandhi naye akagoma kuingia mpaka wao waruhusiwe. Tarehe 8 Julai 1939 A. Vaidyanatha Iyer, Brahmin, yani mtu wa tabaka la juu, aliingia na kundi lao dogo, Gandhi akaja kuingia 1946.

Kila usiku viatu vya Shiva vinabebwa kwenye machela kupelekwa chumbani kwa mkewe. Nje wanauza asumini zilizotungwa, kipimo chao ni dhiraa kama ya kwetu pwani, muuzaji anaunyoosha uzi toka kiwiko hadi ncha za vidole, anakata, mama anabandika nyweleni anaingia.