Je, wajua kwa nini wavuvi wa dagaa Mwanza hubaki nchi kavu mwezi ukiwaka?

Ukisimama kwenye mwalo wa Igombe, ufukwe wa wavuvi kando ya Ziwa Victoria, nje kidogo ya katikati ya jiji la Mwanza, usiku usio na mwezi, utadhani kuna mji mwingine umejengwa majini. Taa zimetapakaa mpaka macho yanapoishia. Rudi baada ya wiki mbili, mwezi ukiwa mpevu: ziwa tupu. Mitumbwi imevutwa mchangani, nyavu zinashonwa, vijana wanacheza drafti kwa vizibo vya soda.

Mara ya kwanza kuona hivyo nilikuwa na maelezo yangu tayari, na nilishayagawa kwa watu wengi kwa kujiamini kabisa: dagaa huijia taa kwa sababu hudhani ni mwezi. Ni jibu tamu, ila halisimami. Mzee mmoja aliyekuwa akishona wavu alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza: "Sasa mwanangu, mwezi wenyewe ukitoka, hao dagaa wanakwenda wapi?" Kama dagaa angekuwa anaufuata mwezi, usiku wa mbalamwezi ungekuwa wa neema na hakuna ambaye angepoteza hela kununua taa.

Nikahamia jibu la pili, ambalo watu wengi huishia nalo: mwezi una mwanga mkali kuliko taa, kwa hiyo unaifunika. Hili nalo si kweli. Karibu na karabai unasoma gazeti bila taabu. Jaribu kulisoma kwa mbalamwezi. Jua huushinda mwezi mpevu kwa mwanga mara 400,000 hivi. Mwezi mpevu ukiwa utosini hautoi zaidi ya takriban robo ya luksi, kipimo cha mwanga unaoangukia mahali. Kwa ukali, ni taa hafifu mno. Nguvu yake iko kwingine: umeenea ziwa zima kwa kipimo kilekile.

Fikiria mtaa wenu umeme umekatika. Duka moja tu lina jenereta na balbu moja mlangoni. Utaliona duka hilo ukiwa mbali kabisa, na kila mwenye shida ya kiberiti ataelekea huko. Umeme ukirudi, balbu ile haijapungua hata chembe, ila hakuna anayeiona tena. Kilichobadilika ni giza lililokuwa limeizunguka. Mvuvi wa dagaa anategemea tofauti kati ya taa yake na giza, na mwezi humpunguzia giza.

Hesabu yake ni rahisi, na mimi ilinishangaza. Tuseme taa inatoa luksi 100 ukiwa mita 1 kutoka ilipo. Ukisogea hadi mita 10 hupati luksi 10, unapata 1, kwa maana mwanga uleule umetandazwa kwenye eneo kubwa mara 100. Ukifika mita 20 imebaki robo ya luksi, na hapo taa imeshakuwa sawa na mwezi mpevu. Samaki aliye mbele zaidi ya hapo hana sababu ya kugeuka. Usiku wa nyota peke yake, ambao hutoa kama elfu moja ya luksi, taa hiyohiyo ingeendelea kuushinda mwanga uliopo mpaka mita 300 na ushee. Upana umeongezeka mara 15, na eneo linaloitikia taa limeongezeka zaidi ya mara 200. Hiyo ni hesabu ya hewani. Majini huwa pungufu sana, lakini mwelekeo ni uleule.

Maji yana ushuru wao, na hutoza kwa asilimia. Chukua mfano wa maji ambayo kila mita humeza nusu ya mwanga unaoingia: baada ya mita 5 imebaki sehemu moja tu kati ya 32. Ukinunua taa yenye mwanga mara mbili, umejiongezea mita moja. Mara nne, mita mbili. Ndiyo maana tajiri anayefunga taa kubwa kuliko jirani yake hapati samaki kwa kadiri ya hela aliyotoa, ingawa ukimwona anavyoipenda taa yake hutathubutu kumwambia.

Kwa nini dagaa aijie taa hata kidogo? Hapa ushahidi ni mwembamba, na nisingependa kujipa uhakika kwa mara ya tatu. Tunajua kwamba mchana hukaa chini zaidi na usiku hupanda juu, kwamba hula vijidudu vidogo vya majini na wadudu wa ziwa, na kwamba huwinda kwa macho. Vijidudu na wadudu wengi hukusanyika penye mwanga. Kwa hiyo huenda taa kwake ni kama kibanda cha mama lishe, au huenda humvuruga tu akashindwa kuondoka. Inawezekana yote mawili.

Mwezi pia unaweza kucheza na chakula chenyewe. Mwaka 1986 mtafiti Gliwicz, wa Poland, alieleza jambo la ajabu katika bwawa la Cahora Bassa, Msumbiji. Siku chache baada ya mwezi mpevu, jua huzama na giza huingia, vijidudu hupanda juu vikiamini ni salama, kisha mwezi huchomoza ghafla na kuvianika mbele ya samaki. Vililiwa mpaka idadi yake ikaporomoka, na mzunguko huo ulijirudia kila mwezi. Samaki wa kule ni kapenta, ambao asili yao ni Ziwa Tanganyika, si dagaa wetu, kwa hiyo siwezi kuuhamishia mtego huo Ziwa Victoria hivihivi. Ila tangu niusome siutazami mwezi unaochomoza kwa jicho lilelile.

Taa zenyewe zimebadilika haraka. Karabai za mafuta ya taa zilitawala kwa miongo mingi. Bajeti ya 2011/12 ikapandisha ushuru wa mafuta ya taa ili kukomesha uchakachuaji wa dizeli, jambo ambalo halikuwa na uhusiano wowote na samaki, lakini aliyekuwa akijaza karabai kila usiku alilisikia mfukoni. Huku taa za LED zilikuwa zikishuka bei. LED nyeupe zilizaliwa baada ya ile ya buluu kupatikana mwanzoni mwa miaka ya 1990, kazi iliyowapa wanasayansi Akasaki, Amano na Nakamura Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2014. Leo mwaloni unaona betri zikichajiwa kwa sola mahali palipokuwa na madumu. Kinachochekesha ni kwamba maji ya kijani, yenye mwani mwingi kama ya ghuba ya Mwanza, humeza buluu mapema na kupitisha kijani vizuri zaidi. Ule mweupe wa kibuluu unaotuumiza macho ufukweni hupoteza sehemu ya nguvu zake mita chache tu chini, wakati mwanga wa manjano wa karabai haukuwa mbaya kama tulivyoudharau.

Ratiba, hata hivyo, haikubadilika. Mzunguko wa mwezi ni siku 29 na nusu, na uchumi wa mwalo unaufuata. Giza likiwepo, dagaa huanikwa mchangani na kwenye chanja, magunia hupelekwa soko la Mwaloni Kirumba, mengine hupanda malori hadi Kongo. Mbalamwezi ikiingia, dukani hukopwa. Siku hizi deni hulipwa kwa simu, lakini ahadi ni ileile: giza likirudi.

Na halirudi lote kwa mkupuo. Kila siku mwezi huchelewa kuchomoza kwa dakika 50 hivi. Siku ya nne baada ya mwezi mpevu unatoka karibu saa nne usiku, kwa hiyo kuna saa tatu hivi za giza tangu jua lizame. Jioni hiyo utaona taa moja moja zikisogea majini kutoka Igombe, na wenyewe wakitupa macho mashariki.