Mpe Zawadi Aliyeonja, Si Aliyemaliza Sahani

Shule nyingi zinazotoa zawadi ili wanafunzi wale mboga na matunda hukosea tangu mwanzo: humpa zawadi aliyemaliza sahani. Mtoto asiyeipenda mboga hiyo ataimeza bila kutafuna, atamsukumia mwenzake au ataificha.

Ladha ngeni huzoeleka kwa kurudiwa, na mtoto huenda akahitaji kuonja mboga ileile mara 10 hadi 15 kabla ya kuikubali. Chagua mboga moja ambayo wengi huiacha. Ikate vipande vidogo kama ncha ya kidole, kila mmoja apate kimoja kila siku. Akikitia mdomoni na kukitafuna, apewe stika papo hapo. Akikitema? Tungempa pia, maana ameonja. Akikataa, asilazimishwe wala asikaripiwe, kesho ipo. Mwenye mzio wa chakula hicho aandaliwe kingine mapema.

Zawadi isiwe chakula. Mtoto anayeahidiwa peremende ili ale karoti anajifunza kwamba karoti ni adhabu. Wala usitoe zawadi kwa tunda ambalo tayari anakula kwa hiari yake: akizoea kulipwa, malipo yakikoma hamu nayo huenda ikapungua. Mashindano ya darasa kwa darasa yana hatari yake, kwani asiyekula huonekana anawaangusha wenzake na huishia kuchekwa.

Zoezi lidumu kwa muda gani? Utafiti uliochapishwa mwaka 2016, uliofanyika katika shule 40 za msingi jimboni Utah, Marekani, uliwapa watoto tokeni (kijisarafu cha kubadilishia vitu) yenye thamani ya senti 25 kila walipokula tunda au mboga wakati wa chakula cha mchana. Miezi 2 baada ya zawadi kusitishwa, waliokuwa wamezipata kwa wiki 5 walikuwa wamedumisha mazoea hayo kuliko wale wa wiki 3. Kwa hiyo panga wiki 5 kamili, kisha punguza stika hadi siku mbili kwa wiki, halafu libaki neno la pongezi tu.

Usipime mafanikio kwa idadi ya stika. Kwa wiki nzima kabla ya kuanza, pima kila siku uzito wa mboga zilizopakuliwa na zilizobaki kwenye sahani. Rudia wakati wa zoezi, na tena mwezi mmoja baada ya zawadi kuisha. Ukipima mabaki peke yake utadanganyika: huenda yamepungua kwa sababu jikoni walipakua kidogo.