Fitoplanktoni ya chupani: yanayosemwa na hali ilivyo

Chupa ya maji ya kijani inayotoa mapovu juu ya rafu imebebeshwa sifa nyingi kuliko inazostahili, na lawama nyingi vilevile. Kuna wanaoiogopa wakidhani inataka maabara. Kuna wanaoamini kwamba ukishaimimina kwenye tangi la maji chumvi, naitreti (uchafu unaotokana na chakula na kinyesi) itashuka, matumbawe yatashiba na kila kitu kitanawiri. Kwa kweli kuiotesha si kazi kubwa. Fitoplanktoni, yaani mwani wa hadubini uliomo chupani, unapenda kukua. Kazi iko kwenye kuwazuia wengine wasiingie chupani, na kujua ni nani hasa unayemlisha.

"Hiyo ni kazi ya maabara"

Ilianzia huko, hilo halina ubishi. Mwaka 1910, E. J. Allen na E. W. Nelson wa Plymouth, Uingereza, walichapisha njia zao za kukuza planktoni ya baharini kwa virutubisho vya kutengenezwa. Mwaka 1962 Robert Guillard na John Ryther, waliokuwa wakichunguza diatomu, mwani wa hadubini wenye maganda ya silika, wakatoa mchanganyiko wa virutubisho ulioitwa f. Nusu ya nguvu yake, yaani f/2, ndiyo inayotumika hadi leo, kuanzia kwenye vituo vya kuzalisha chaza mpaka kwenye meza za watu majumbani.

Ukiondoa majina hayo makubwa, vifaa ni vya kawaida: chupa safi ya lita 2, pampu ndogo ya hewa, mrija mgumu unaofika chini kabisa, taa nyeupe ya LED, maji chumvi mapya, mbolea na mbegu, yaani mwani hai wa kuanzishia. Unaweka sehemu moja ya mbegu kwa sehemu nne hivi za maji, unawasha taa saa 16 na kuizima saa 8, basi. Kwa joto la nyuzi 20 hadi 25 za Selsiasi, Nannochloropsis, aina ya mwani inayooteshwa sana, huwa tayari kuvunwa kwa siku 7 hadi 10. Chumvi haihitaji kupimwa kwa wasiwasi, kwani aina hii huvumilia kuanzia 1.019 hadi 1.026 kwenye haidromita bila kulalamika.

Kuhusu jua, wengi huweka chupa dirishani wakiamini wamebana matumizi ya umeme. Jua la moja kwa moja huipasha moto chupa ndogo kupita kiasi mchana, kisha usiku ikapoa. Taa ya kawaida iliyo karibu na chupa inatosha na haina vituko.

"Maji yoyote ya kijani ni yaleyale"

Hapana, na hili huwaponza watu. Maji ya kijani ya bwawa yana mwani wa maji baridi, yaani yasiyo na chumvi. Ukiutia kwenye maji chumvi hupoteza maji yake ya ndani na kufa, halafu unaoza tangini. Jina la Chlorella, mwani mwingine wa kijani, limeongeza mkanganyiko, kwa sababu Nannochloropsis yenyewe iliitwa kwa miaka mingi huko Japani "Chlorella ya baharini", ingawa si ndugu wa karibu. Unga wa spirulina nao ni bakteria wa kijani-samawati waliokaushwa, chakula kizuri kwa samaki kadhaa, lakini huwezi kuotesha kitu kilichokwisha kufa.

Kuchota bahari na kuongeza mbolea ni hatari zaidi. Ndoo moja huja na walaji wa mwani, mayai yao, na pengine dinoflajelata (viumbe wengine wa hadubini) wenye sumu kama Alexandrium au Karenia. Huwezi kuchagua nani ashinde. Nunua mbegu ya aina moja iliyo safi, na ukipata nafasi itazame kwa hadubini kabla hujaitia chupani.

"Kadiri inavyokuwa kijani kibichi ndivyo inavyofaa"

Rangi kwanza ni suala la aina. Nannochloropsis na Tetraselmis ni za kijani. Isochrysis ni ya kahawia-dhahabu, kama chai ya rangi, na ikiwa hivyo ni nzima kabisa. Kuna mtu huitupa akidhani imeharibika.

Pili, chupa iliyokolea sana ni chupa iliyochelewa. Seli za nje zinazitia kivuli za ndani, naitrojeni imekwisha, na mwani unaanza kujilimbikizia mafuta ya akiba huku protini ikipungua. Wakati wa kuvuna ni pale inapokaribia kukolea, ingali inakua. Wenye mashaka huchovya kijiti chenye alama nyeupe na kuangalia kinapotelea kina gani: leo sentimita kadhaa, kesho kutwa pungufu. Kina kikiacha kupungua, umeshachelewa. Vuna nusu au theluthi mbili, jaza maji mapya na mbolea, uendelee.

"Jiwe la hewa hutoa hewa bora"

Kwa tangi la samaki, sawa. Kwa chupa hii, vipovu vidogo hutengeneza povu zito linalobeba seli mpaka shingoni na kuziacha zikauke, na vitundu vya jiwe huwa maskani ya uchafu usioweza kuoshwa. Mrija mtupu unaotoa mapovu makubwa mawili matatu kwa sekunde unafanya yote: unazuia seli zisitulie chini, na unaingiza kabonidioksidi ya hewani. Mtungi wa kabonidioksidi ni wa wazalishaji wakubwa.

"Mbolea ni mbolea"

Mbolea ya maua ya nyumbani hufanya maji yawe ya kijani, sikatai. Lakini nyingi zina urea au amonia kwa kiasi ambacho mwani usipokimaliza utakimalizia tangini. Mchanganyiko wa f/2 una naitreti, fosfeti, madini kidogo kidogo na vitamini tatu: B12, thiamini na biotini. Ukitaka diatomu kama Chaetoceros au Thalassiosira, lazima uongeze silikati, kwa kuwa maganda yao ni ya silika. Bila hiyo utasubiri hadi uchoke.

Upande wa pili wapo wanaokataa kabisa kumimina chupa hiyo tangini kwa hofu ya naitreti na shaba. Hapa hesabu inasaidia kuliko mabishano. Lita moja ya f/2 mpya, ambayo mwani haujagusa hata kidogo, ina naitreti miligramu 55 hivi na fosfeti miligramu 3.4. Ukimimina mililita 100 za maji hayo kwenye tangi la lita 100, umeongeza naitreti miligramu 0.055 kwa lita na fosfeti 0.0034. Shaba iliyomo ni mikrogramu 2.5 hivi kwa lita kabla ya kuzimuliwa mara elfu. Kambamti hatajua imepita. Chupa iliyokomaa ina pungufu ya hapo, kwa sababu sehemu kubwa imo ndani ya seli.

Ila usiichukue hesabu hiyo kama ruhusa. Fosfeti hiyo ndogo ukiiongeza kila siku kwa mwezi, pasipo chochote cha kuiondoa, inafika miligramu 0.1 kwa lita, na mfugaji wa matumbawe magumu anajua kwamba namba hiyo ni kubwa kwao. Na mwenye kuvuna chupa changa, au anayetia mbolea mara mbili ya kipimo "ili ikue haraka", anamimina mbolea yenye rangi kidogo.

"Fitoplanktoni husafisha maji ya tangi"

Hii ndiyo dhana inayonunuliwa zaidi, na ina chembe ya ukweli ndani yake, ndiyo maana haifi. Ni kweli mwani unaokua hufyonza naitreti na fosfeti. Lakini unapoukuza chupani, umefyonza virutubisho ulivyoutilia wewe mwenyewe. Kumimina mwani tangini ni kuingiza chakula, na chakula kikiliwa hutoka kinyesi, kisipoliwa huoza. Jumla inapanda.

Kwani hauendelei kukua humo tangini? Kwa kiasi kidogo sana. Pampu, skima (kifaa kinachotoa uchafu kwa povu), taa ya urujuanimno inayoua vijidudu na vinywa vya wanaochuja maji haviupi muda. Ungepata nafasi ya kuongezeka kweli, ungeamka ukute tangi zima la kijani, na hakuna anayetaka hilo. Njia pekee ya mwani kupunguza virutubisho ni uutoe nje ya tangi baada ya kufyonza, kazi ambayo mwani mkubwa kama Chaetomorpha huifanya vizuri zaidi: unaukamata kwa mkono na kuutupa.

Kwa hiyo mwenye naitreti ya juu aanze na kulisha kidogo na kubadilisha maji. Chupa ya kijani si dawa yake.

"Matumbawe yote huila"

Matumbawe mengi magumu hupata sukari yao kutoka kwa mwani unaoishi ndani ya nyama zao, na wanapokula kwa mdomo hupenda nyama: kopepodi (vijidudu vya majini jamii ya kamba), lava (watoto wachanga wa wanyama wa baharini), vipande vya planktoni wanyama. Ukiwamiminia Nannochloropsis na kuwaona wamefungua mikono, wengi wao wamenusa chakula majini tu, hawajashiba. Mfano ulio kinyume ni matumbawe laini yasiyo na mwani ndani, kama Dendronephthya. Utafiti uliochapishwa mwaka 1995 ulionyesha kwamba hayo hula fitoplanktoni hasa. Ndiyo maana pia ni magumu kuyaweka hai: yanataka kulishwa karibu mfululizo.

Wanaofaidi moja kwa moja ni wanaochuja maji: sifongo, minyoo wenye mashada ya manyoya kichwani, chaza na jamii zake. Chaza wakubwa wa jenasi Tridacna wana mwani wao wenyewe, lakini wakiwa wadogo hutegemea kuchuja zaidi kuliko wakiwa wakubwa, kwa hiyo chupa ina maana kubwa kwa mwenye chaza mdogo.

Faida kubwa kwa matangi mengi, kwa maoni yangu, inapitia kwa kopepodi. Wape hao mwani, wao wazaane miambani, nao samaki kama mandarini, Synchiropus splendidus, wawadone kutwa nzima. Hapo ukubwa wa seli unaanza kuhesabika. Nannochloropsis ina mikromita 2 hadi 4 tu na ganda gumu. Rotifa, wanyama wadogo wa hadubini wanaofugwa kama chakula cha samaki wachanga, wanaimudu vizuri, kopepodi wengi wanahangaika nayo. Isochrysis, haina ganda na ina asidi ya mafuta ya DHA kwa wingi. Tetraselmis, inayoogelea kwa mikia yake minne, ina zaidi ya mikromita 10 na hutosha mdomo. Nannochloropsis kwa upande wake ina EPA, asidi nyingine ya mafuta, kwa wingi na karibu haina DHA. Mwenye nafasi ya chupa mbili afuge mbili tofauti.

Chupa mbili, si mbili ndani ya chupa moja. Ukizichanganya, inayokua haraka humeza nafasi, na mara nyingi mshindi ni Nannochloropsis. Changanya kwenye kikombe wakati wa kulisha.

"Chupa ikifa ni bahati mbaya"

Mara nyingi ni mgeni. Jioni maji ni ya kijani, asubuhi yamepauka, chini kumetanda utando mweupe, na ukiinusa harufu ni ya kitu kilichooza. Weka tone moja chini ya hadubini, hata ya watoto wa shule, ukuze mara 100: utawaona rotifa, viumbe vyenye umbo la kengele na nywele za mdomoni zinazozunguka kama magurudumu, wakitembea katikati ya nukta chache zilizobaki. Matumbo yao ni ya kijani. Zao lako limo humo.

Wameingiaje? Tone la maji ya tangi lililoruka na povu, mkono uliotoka kushika miamba, faneli iliyotumika kwenye chombo cha rotifa halafu ikasuuzwa kwa maji ya bomba tu. Wanaofuga rotifa na mwani chumba kimoja wajue kwamba chumvi inayorushwa na mapovu inasafiri. Weka chupa za mwani juu, za rotifa chini na mbali. Hudumia mwani kwanza, ndipo uguse tangi. Mdomo wa chupa uzibwe kwa pamba au sifongo safi, na kwenye mpira wa hewa pawe na kichujio na vali ya kuzuia maji yasirudi kwenye pampu.

Maji mapya unaweza kuyaua vijidudu kwa dawa ya klorini ya nyumbani isiyo na manukato, mililita 1 hivi kwa lita, ukayaacha siku nzima na kuimaliza klorini kwa thiosalfeti ya sodiamu kabla ya kutia mbegu. Vyombo vinaweza kulowekwa kwenye klorini au kwenye siki, kimojawapo. Viwili hivyo vikikutana hutoa gesi ya sumu, kwa hiyo suuza kabisa kabla ya kubadilisha.

Na daima iwepo chupa ya akiba ambayo huigusi, iliyotoka kwenye zao lililokuwa safi. Anayetegemea chupa moja atanunua mbegu tena.

"Igandishe, itakaa miaka"

Friza hupasua seli. Ukiyeyusha unabaki na supu inayochafua maji. Friji ya kawaida, nyuzi 4 hivi, huzilaza tu. Nannochloropsis hukaa hivyo wiki tatu au nne, Isochrysis muda mfupi zaidi. Tikisa chupa kila siku, maana seli zikitulia chini kwa muda mrefu zinakosa hewa na kuanza kushikamana. Kabla ya kumimina, tikisa na utazame: ikisambaa laini kama rangi, tumia, na uzime skima na taa ya urujuanimno kwa saa moja au mbili. Ikibaki na vibonge, au ikinuka mayai, iende kwenye sinki.