Kuandika hadithi na muziki masikioni: tunayoambiana na ukweli wake

Mimi ni mtu wa hedfoni, naandika na muziki tangu zamani, kwa hiyo haya mengine hapa chini niliyaamini kabisa na nikayatetea kwa nguvu zote.

Dhana: Weka Mozart, yule mtunzi wa zamani wa Ulaya, akili inafunguka, utaandika vizuri.

Hii ilianza 1993, jarida la Nature lilitoa matokeo ya wanafunzi 36 wa chuo waliosikiliza sonata ya Mozart, yaani kipande cha piano tupu, dakika 10 halafu wakapewa maswali ya kuwaza maumbo, yaani karatasi ikikunjwa na kukatwa hivi ikifunguliwa itaonekanaje. Walifanya vizuri kidogo, na faida yenyewe ilidumu kama robo saa tu ikaisha. Hakuna aliyeandika hata sentensi moja ya hadithi! Lakini watu walishapanda mzuka, mpaka 1998 gavana wa Georgia kule Marekani, Zell Miller, akaomba dola 105,000 kwenye bajeti ili kila mtoto anayezaliwa apewe muziki wa aina hiyo. Mwaka uliofuata watafiti wengine wakawawekea watu hadithi ya Stephen King, mwandishi wa Marekani wa hadithi za kutisha, badala ya muziki, na wale walioipenda hadithi kuliko Mozart wakafanya vizuri zaidi baada ya hadithi. Kwa hiyo kinachosaidia ni kusikiliza kitu unachokipenda kikakuchangamsha, basi.

Dhana: Mimi nimeshazoea, nyimbo zenye maneno hazinisumbui.

Hapa ndipo tunapojidanganya sana. Ukiandika, kuna sauti kichwani inakutamkia sentensi kabla vidole havijaigusa kibodi, na mwimbaji naye anaongea mle mle, sasa mmoja lazima ampishe mwenzake. Mimi nimeshawahi kukuta mhusika wangu anasema kipande cha kiitikio cha wimbo uliokuwa unacheza, na sikujua mpaka nasoma upya kesho yake, nikacheka ila niliumia pia.

Na usikimbilie kusema basi nitaweka wimbo wa lugha nisiyoijua. Mwaka 2019 lilitoka jaribio ambalo watu walipewa maneno matatu watafute neno moja linaloungana na yote, mchezo wa ubunifu wa maneno kabisa, na muziki wenye maneno ya lugha ngeni uliwaharibia, wa ala tupu ukawaharibia, na wenye maneno wanayoyafahamu pia, hata waliosema wameupenda na hata waliozoea kusoma na muziki. Kelele za kawaida za maktaba ndiyo hazikuwasumbua. Nilivyosoma hiyo nilinuna siku nzima.

Dhana: Basi muziki ni adui, andika kwenye kimya tu.

Hapana, nako ni kuruka upande wa pili. Utafiti wa 2017 uliwawekea watu muziki wa kuchangamsha wa Vivaldi, mtunzi mwingine wa zamani, wakatoa mawazo mengi zaidi kuliko waliokaa kimya, ila kwenye maswali yenye jibu moja haukuwasaidia kitu. Mimi naona jibu liko hapo: kutafuta wazo ni kazi moja na kuchagua neno ni kazi nyingine kabisa. Muziki nauweka natembea tembea nawaza hadithi inaenda wapi, au kwenye drafti ya kwanza ambayo hata hivyo itakuwa mbaya, nikianza kuediti nazima. Huyo Stephen King mwenyewe amesema anaandika na muziki mzito wa roki, AC/DC na Metallica, ila anauchukulia kama njia nyingine ya kufunga mlango, dunia ibaki nje, na hilo ni tofauti kabisa na kusubiri gitaa likuletee wazo.

Dhana: Ukiongeza sauti unazama zaidi.

Unazama ndiyo, na masikio nayo yanazama. Shirika la Afya Duniani linasema kwa mtu mzima sauti ya desibeli 80 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) mwisho saa 40 kwa wiki, na sisi tunaokaa na hedfoni kutwa hizo saa tunazimaliza haraka.

Dhana: Sehemu ya huzuni iandikwe na wimbo wa huzuni, msomaji atalia.

Utalia wewe. Msomaji hausikii wimbo! Niliwahi kuandika mazishi kwa usiku mzima na wimbo mmoja wa zeze unajirudia, machozi yananitoka, nikajua leo nimeua, asubuhi nasoma bila hedfoni nakuta "alilia sana" mara tano na jeneza hata halijashuka, huzuni yote ilikuwa kwenye zeze. Siku hizi wimbo wa namna hiyo nausikiliza mara moja, nazima, halafu naandika na kile kilichobaki kifuani, na yale mazishi kurasa mbili zilibaki aya moja.