Mtoto Anayenakili Vizuri Lakini Hasomi

Mzazi wa Tandahimba, Newala au Nachingwea anapopokea ripoti ya shule, jicho lake huenda kwanza kwenye nafasi: mtoto amekuwa wa ngapi kati ya wangapi. Nafasi hiyo humwambia machache mno. Kinachoeleza zaidi ni daftari, na namna mtoto anavyojibu anapoombwa asome alichokiandika mwenyewe.

Wapo watoto wa darasa la tatu wanaonakili ubaoni kwa mwandiko safi na kuwekewa vema, lakini ukiwawekea kidole kwenye neno moja la katikati ya sentensi hawawezi kulitamka. Wengine hukariri ukurasa mzima kwa kuwasikiliza wenzao, kisha wakausoma kwa sauti huku macho yakiwa dirishani. Mzazi anayejua kusoma anaweza kulibaini hilo nyumbani: afunike picha, halafu amwombe mtoto asome maneno kuanzia chini kwenda juu. Anayejua kusoma atakwenda polepole, lakini atafika. Aliyekariri atanyamaza au atataja neno ambalo halipo. Aangalie pia silabi zinazomkwamisha, kwa maana mtoto anayesoma "ba" na "ta" bila shida, lakini kila akikutana na "mba" au "nywa" anakisia, bado hajamudu msingi wa KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu) ambao ndio kiini cha darasa la kwanza na la pili. Kuchanganya b na d akiwa na miaka 6 ni jambo la kawaida. Likiendelea baada ya miaka 8, pamoja na kusoma kwa kukwamakwama, linastahili kuchunguzwa.

Kabla ya kuhukumu, hata hivyo, ni lazima kuangalia mahudhurio. Msimu wa korosho hushika kasi kuanzia Oktoba hadi Desemba, wakati uleule wa Upimaji wa Kitaifa wa Darasa la Nne na mitihani ya kufunga mwaka, na si siri kwamba baadhi ya watoto huonekana zaidi chini ya mikorosho kuliko darasani. Wapo pia wanaochelewa kurudi kutoka jando na unyago. Mtoto wa namna hiyo amekosa masomo, na kwa kawaida hushika akirudishiwa yaliyompita. Wa kutazamwa kwa makini ni yule aliyehudhuria muhula mzima, akafundishwa somo lilelile zaidi ya mara moja, na bado analisahau kesho yake.

Lugha nayo huwapotosha wengi. Mtoto aliyekua na bibi yake kijijini akizungumza Kimakonde, Kimwera, Kiyao au Kimakua anaweza kuonekana mzito darasani kwa sababu tu Kiswahili hakijamkaa. Mwombeni asimulie jambo kwa lugha ya nyumbani: akisimulia kwa mpangilio, anahitaji muda na mazoezi ya Kiswahili, akipotea hata huko, tatizo ni pana zaidi.

Afya ndiyo sehemu ambayo wazazi huisahau, nami naiona nzito kuliko zote. Sikio linalotoka usaha mara kwa mara hupunguza usikivu, na mtoto asiyesikia vizuri huitwa mkaidi. Anayesogeza daftari karibu na pua huenda haoni ubao. Minyoo na kichocho huweza kupunguza damu, na mtoto mwenye upungufu wa damu huchoka na kusinzia darasani. Lipo pia la degedege: malaria kali iliyofika kwenye ubongo inaweza kuacha udhaifu wa kumbukumbu, lugha au utulivu, hata kama mtoto alipona akatembea. Mwalimu hawezi kujua historia hiyo asipoambiwa.

Mwelezeni mwalimu wa darasa yote mliyoyaona, na daftari liwe mkononi. Akishauri vipimo vya macho na masikio, anzeni katika kituo cha afya kilicho karibu, ambacho kinaweza kuwapa rufaa ya kwenda hospitali ya mkoa: Ligula kwa Mtwara au Sokoine kwa Lindi. Shule ikishindwa kumsaidia, Mwalimu Mkuu amfikishie suala hilo Afisa Elimu Maalumu wa halmashauri. Tuisheni inayorudia somo lilelile kwa kasi ileile haimsaidii mtoto huyu, na fimbo humfundisha kuficha daftari. Dakika 15 kila jioni za kusoma na mtu mmoja mvumilivu, kwa kuanzia pale alipokwama hata kama ni silabi za darasa la kwanza, zina faida kubwa zaidi, na baada ya mwezi mmoja mwalimu ataweza kuona kama amesogea au anahitaji uchunguzi zaidi.