Uchafu na kasi ya kukua kwa fuwele katika mmumunyo

Fuwele ni kipande kigumu chenye nyuso bapa, kama punje ya chumvi, na kasi ya kukua kwake ni unene unaoongezeka juu ya uso wake mmoja kwa muda fulani. Uchafu hapa si mchanga wala taka. Ni kitu chochote kilichoyeyuka ndani ya mmumunyo ambacho si kile kinachotakiwa kuganda. Katika mashamba ya chumvi ya Gongoni na Marereni, kaskazini ya Malindi katika pwani ya Kenya, kinachotakiwa ni kloridi ya sodiamu, yaani chumvi ya kawaida. Magnesiamu, salfati na potasiamu za maji yaleyale ya bahari ni uchafu.

Chembe mpya haishiki mahali popote tu juu ya fuwele. Uso una ngazi zenye kimo cha tabaka moja la chembe, na chembe hunata vizuri kwenye pembe za ngazi hizo, mahali inaposhikwa na majirani wengi. Ngazi husogea kama safu ya matofali inayojengwa, hadi tabaka likamilike. Chembe ngeni ikiganda juu ya uso, ngazi hulazimika kujipinda ili ipenye kati ya chembe ngeni moja na nyingine. Nafasi ikiwa finyu mno, husimama. Ndiyo maana mmumunyo unaweza kuwa umekolea kupita kiasi na bado fuwele isikue hata kidogo. Ukizidi kukolea, ngazi hupenya nafasi finyu zaidi na ukuaji unaanza. Maelezo haya ni ya watafiti Cabrera na Vermilyea, 1958.

Kwa hiyo usiulize tu uchafu ni kiasi gani. Uliza unakaa wapi. Ferosianidi, kemikali yenye chuma ndani yake, hata miligramu chache kwa kilo, huingia barabara katika nafasi za uso wa chumvi na kuufunga. Kwa sababu hiyo hutiwa katika chumvi ya mezani isishikane mabonge. Magnesiamu huhitajika kwa wingi ndipo ionekane: hupunguza chumvi inayoweza kuyeyuka, na huyafanya maji kuwa mazito hata chembe zikachelewa kufika kwenye uso.

Umbo nalo hubadilika, kwa namna inayowashangaza wengi: uso unaokua polepole ndio unaobaki mkubwa, wenye kasi hujimaliza wenyewe. Chumvi safi hutoa mchemraba. Palipo na urea nyingi, kemikali iliyomo katika mkojo, nyuso zinazokata kona hucheleweshwa, na fuwele hutoka na nyuso nane. Romé de l'Isle, mtaalamu wa fuwele wa Ufaransa, aliliandika jambo hilo mwaka 1783.

Shambani, jasi (salfati ya kalisiamu) hutangulia kuganda, nayo huachwa katika madimbwi ya awali. Chumvi huanza maji yakifika karibu digrii 25 za Baumé, kipimo cha ukolevu wa maji ya chumvi. Yakikaribia 29 au 30, mwaga maji machungu yaliyobaki, maana yamejaa magnesiamu. Ukichelewa, au jua na upepo vikikausha kwa haraka mno, fuwele hukua ovyo na kufungia matone ya maji hayo ndani yake. Kloridi ya magnesiamu hufyonza unyevu wa hewa, basi gunia linatoa jasho ghalani na chumvi ina uchungu. Osha kwa maji safi ya chumvi yaliyokolea kabisa, si maji matamu, yatakayoiyeyusha chumvi yenyewe. Kuosha huondoa uchafu wa juu tu. Uliofungiwa ndani hautoki mpaka fuwele isagwe kwanza.