Kasi ya tovuti: dhana potofu kuhusu majukwaa na ukweli wake

Wafanyabiashara wa Mombasa wanaoagiza tovuti, wawe wenye maduka ya Barabara ya Biashara au wenye hoteli za Nyali, humuuliza fundi swali lile lile: jukwaa lipi, yaani programu ya msingi ya kujengea tovuti, lina kasi kuliko mengine? Swali ni la haki, kwa sababu mteja asiyefunguliwa ukurasa upesi huenda kwa jirani. Tatizo ni majibu yanayozagaa mjini.

Dhana: PHP ni nzito, kwa hiyo WordPress na Laravel hazifai.

PHP ni lugha ya programu, nazo WordPress na Laravel ni majukwaa yaliyoandikwa kwa lugha hiyo. Neno hili la uzito lilikuwa na ukweli zamani. Toleo la PHP 7, lililotoka Desemba 2015, lilikaribia kuongeza kasi maradufu kwa programu nyingi zilizokuwa zikitumia toleo la 5.6, na Wikipedia yenyewe huendeshwa kwa MediaWiki, ambayo imeandikwa kwa PHP. Kinachoilemea WordPress mara nyingi ni programu-jalizi (programu ndogo za kuongeza uwezo) zilizorundikwa bila hesabu, kila moja ikienda kivyake kuiuliza hifadhidata pindi ukurasa unapofunguliwa.

Dhana: Jukwaa linaloongoza katika majaribio litaipa kasi tovuti yangu.

Majaribio ya kasi ya majukwaa ya kampuni ya TechEmpower, yaliyoanza kutolewa mwaka 2013, ni kazi ya kuheshimiwa, lakini ni lazima msomaji ajue kilichopimwa. Jaribio mojawapo huitaka seva, yaani kompyuta inayohudumia tovuti, irudishe salamu ya maneno mawili tu, na hakuna duka linalouza salamu. Jukwaa moja likitumia milisekunde 5 kuandaa ukurasa na jingine 20, tofauti ni milisekunde 15, ambazo mtu aliyeshika simu hawezi kuzihisi.

Mwenye nyumba moja ya wageni katika Mji wa Kale aliwahi kuniambia, “Fundi, tuihame hii WordPress, wageni wanachoka kungoja.” Nikamwomba, “Mama, hebu kwanza tuifungue kwa simu yako.” Tuliketi barazani tukaitazama: maandishi yalitokea mapema, kisha picha ya mlango wa nakshi ikawa inateremka ukanda kwa ukanda, kwanza kizingiti cha juu, baadaye misumari ya shaba. Picha ile ilikuwa na megabaiti 6, na kwa mtandao wa megabiti 4 kwa sekunde (baiti moja ni biti nane), hiyo ni sekunde 12 nzima, jukwaa liwe lolote. Tuliipunguza hadi kilobaiti 200, ikawa inafika kwa chini ya nusu sekunde, na WordPress ikabaki pale pale. Gharama ya kuhama ingekuwa fedha iliyotupwa baharini, na jambo hili linaniuma kila nionapo mtu akishauriwa hivyo.

Dhana: Node.js huishinda lugha ya Python kwa kila kazi.

Node.js, mfumo wa kuendesha programu za lugha ya JavaScript kwenye seva ulioanzishwa na Ryan Dahl mwaka 2009, ni hodari wa kuhudumia maombi mengi yanayosubiri majibu. Hata hivyo, hesabu nzito ikiingia katika uzi wake mmoja mkuu, yaani njia moja inayotekeleza kazi kwa zamu, maombi mengine yote hupanga foleni.

Dhana: Nyaya za baharini zimefika, kwa hiyo seva ikae popote.

Ni kweli kwamba SEACOM na TEAMS zilitia nanga hapa Mombasa mwaka 2009, na EASSy ikafuata mwaka 2010. Lakini mwanga ndani ya waya husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, na London iko kama kilomita 7,000 kutoka hapa, hivyo kwenda na kurudi hakuwezi kupungua milisekunde 70 hata kama waya ungenyooka. Kufungua muunganisho salama na kuomba ukurasa huhitaji safari kama tatu za namna hiyo kabla baiti ya kwanza haijafika, yaani zaidi ya milisekunde 200, huku jukwaa lenyewe likiwa bado halijapewa nafasi ya kuonyesha kasi yake. Kwa duka ambalo wateja wake wako Likoni na Kisauni, kuweka nakala za kurasa katika seva iliyo Kenya huokoa muda mwingi kuliko kubadilisha lugha ya programu.